Kauri za Mama Chiku

Dodoma, Jumanne, mwezi mpevu.

Muongo! Leo nimeitwa muongo mbele ya stesheni nzima, na kisa ni kauri.

Mama Chiku, yule Mgogo anayetuuzia maziwa sisi wapakizi wa treni, ana kauri saba shingoni. Nikamwambia kila moja ilikuwa nyumba ya mnyama, anatembea nayo chini ya bahari.

"Mswahili wee! Haya mawe. Bibi yangu alipewa na watu wa misafara."

"Si mawe, mama. Mnyama anatokea hapa, kwenye huu mwanya wenye meno."

"Ana miguu mingapi?"

Nikasema mmoja. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. "Ng'ombe wako wa mguu mmoja, anakamuliwaje?" akauliza Mama Chiku.

Akanivulia kauri moja, eti ninuse hiyo bahari yangu. Ilinuka moshi na samli. Nusura nilie, wallahi.

Leo kwetu Bagamoyo bamvua. Asubuhi maji yamekupwa hadi mbali, na mama na dada zangu wameshinda mwambani na vijiti, wanachokoa pweza. Mimi huku vumbi tu.

Nimerudi nikaandika yote ninayokumbuka: mwani, chaza, kaa, samaki taa, kiti cha pweza. Mbiombio, maana naogopa yatanitoka. Halafu nikakwama. Kile kidude cheusi cha miiba, kilichonichoma mwaka ule mama akanibeba mgongoni hadi nyumbani... Kinaitwaje?

Nimeugeuza unyayo nikautazama. Kovu lipo palepale. Jina silipati.