Baridi Yangu ya Kwanza Kitale

Mpendwa Nekesa,

Huku tuko salama. Babu yako amepona kifua, na mahindi tumeshavuna. Picha yako ya ziwa lililoganda na zile nyumba za mawe za tangu zamani nimewaonyesha wenzangu wote kanisani. Mji ni mzuri, lakini unaniuliza kama mimi niliwahi kushindwa na baridi.

Ndiyo. Nilipotoka Bungoma kuja kufundisha Kitale nilikuwa na umri wako. Mwezi wa saba ukungu ulikaa siku nzima, nami sikumjua mtu. Jumamosi moja nilifunga sanduku nirudi kwa mama. Jirani yangu, Mama Chebet, akanikuta mlangoni.

"Mwalimu, unaenda wapi na baridi hii?"

"Nyumbani."

"Si kwanza uote moto?"

Jikoni kwake tulichambua maharagwe mpaka jioni. Hatukuongea mengi, maana yeye alikuwa na Kisabaoti chake na mimi Kibukusu changu, tukisaidiana kwa Kiswahili. Nilipotoka, baridi ilikuwa ileile. Lakini nilirudi chumbani nikafungua sanduku, nikatundika nguo zangu.

Katika barua zako zote hujanitajia jirani hata mmoja. Kesho mgongee mlango jirani aliye karibu, kisha uniandikie anaitwa nani.

Kukhu wako, nyanya anayekukumbuka kila siku.