Beseni la Waridi na Samaki wa Baba Mkwe

Katuba, Lubumbashi,
Shaba.
Jumanne, 12 Oktoba 1976

Mpendwa Shangazi Alima,

Salaam aleikum. Kabla ya neno lolote, goti lako linaendeleaje? Na Bibi, bado anakataa dawa mpaka wewe uionje kwanza? Huku sisi ni wazima. Joto tu ndilo limetukalia kichwani, na mvua inajivuta. Mimi nimenenepa kidogo. Nasoro anasema ni shavu la kushoto peke yake, kwa hiyo siku hizi naketi kuume kwake alione vizuri.

Miezi minne ya ndoa, Shangazi, na bado nikisikia lango linalia natengeneza kilemba changu kana kwamba mgeni anakuja. Anarudi kutoka karakana yao ya kuchomelea vyuma akinuka moshi na kutu, na mimi sijapata kunusa marashi yanayozidi hayo. Najua unacheka. Cheka, lakini usiisome sehemu hii mbele ya Baba.

Nina jambo la kukuungamia, nalo linahusu beseni ulilonipa zawadi ya arusi, lile lililochorwa maua ya waridi. Nitalifikia polepole, maana nataka ukifika hapo uwe umekwisha kunihurumia.

Utakumbuka kwamba siku ya arusi baba mkwe, Mzee Sumaili, alishuka kutoka Lukafu na bidoni la maji lenye samaki hai kumi na wawili. Wewe ulidhani ni kitoweo, ukaomba kisu. Katika ukoo wao bibi arusi hapewi kuku, kwa sababu kuku mwenye njaa hupiga kelele. Anapewa kiumbe asiye na sauti. Anayeweza kumtunza asiyesema, wanasema, ataweza kumtunza mtoto mchanga. Baada ya miezi minne mzee huja kuhesabu. Akikuta samaki wamekufa, bi arusi anapelekwa Lukafu kwa mama mkwe kujifunza, msimu mzima wa mvua. Mume anabaki mjini.

Msimu mzima, Shangazi. Mimi nikienda sokoni tu narudi mbio.

Nasoro alichimba bwawa nyuma ya nyumba, chini ya mipapai, akalikandika udongo wa kichuguu. Pembeni akaweka pipa la kuchujia: changarawe juu, mchanga katikati, makaa chini. Jioni tulikuwa tunachota maji kwa ndoo, tunayamimina pipani, nayo yanarudi bwawani safi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, nikawakuta samaki wote wamejipanga juu ya maji, midomo nje, wanaifungua na kuifunga wakinitazama. Moyo ukaniyeyuka. Nikakumbuka siku ile uliyonifungia ndani kunifunda, ukaniambia, "Atakayefungua mdomo mbele yako, mlishe kabla hajaomba." Basi nikawamegea ugali uliobaki, bukari ya huku. Kesho yake wakafungua zaidi, nikaongeza bukari. Siku ya nne maji yalikuwa yamegeuka uji, na samaki wawili walikuwa wamelala ubavu.

Nililia mpaka Mama Chomba, jirani yetu, akachungulia juu ya ua akidhani nimefiwa. Alipoona ni samaki, akaniuliza, "Bale benye kubaki, uko unabalilia mbele?" Yaani waliobaki nawalilia mapema! Akarudi kwenye sufuria yake.

Nasoro hakunigombeza. Alichuchumaa ukingoni saa nzima, kidevu mkononi, mzuri ajabu, kisha akasema hawana njaa, wamekosa pumzi. Shuleni aliambiwa kwamba samaki naye huvuta hewa, ila huivuta ndani ya maji, na maji yaliyosimama, yenye chakula kilichooza, hayana hewa ya kutosha. Mimi nilisoma shule hiyo hiyo. Nadhani siku ya somo hilo nilikuwa namtazama yeye.

Kwanza alichukua pampu ya baiskeli, akaifunga mpira mrefu uliotobolewa kwa sindano, akapuliza hewa chini ya maji. Mapovu yalipanda vizuri, samaki wakayafuata. Lakini akiacha kupuliza, nayo yanaacha. Siku ya tatu mkono wake wa kuume ulivimba, ikabidi nimlishe kwa mkono wangu. Sikuona kama ni hasara.

Ndipo akaitazama kinga yake. Unaijua, ile baiskeli nyeusi aliyokuwa akija nayo kunichumbia. Aliivua tairi la nyuma, akaiinua juu ya vyuma kando ya bwawa, akafunga makopo ya maziwa kuzunguka gurudumu. Mtu akikanyaga pedali, makopo yanachota maji chini, yanayapandisha, yanayamwaga kwenye kipande cha bati kinachoyapeleka juu ya pipa. Kilikosekana kitu kimoja tu: chombo kipana chenye matundu, ili maji yaanguke kama mvua na kubeba hewa njiani.

Nilikuwa nimekwenda kisimani. Niliporudi, beseni lako la waridi, lile ulilolibeba mapajani kutoka Kasongo ukikataa hata kuliweka chini kwenye treni, lilikuwa limepinduliwa, na mume wangu anagonga msumari. Nilihesabu matundu sitini. Matano yamepita katikati ya waridi kubwa.

Shangazi, nilikasirika kweli. Nilimwambia sitasema naye mpaka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Aliliweka beseni juu ya pipa, akapanda kinga, akakanyaga. Maji yakashuka kwa nyuzi sitini, jua likipita ndani yake, na samaki wote kumi wakaja kusimama chini pale maji yanaporudi bwawani. Ijumaa ilifika saa ile ile.

Tangu hapo tunakanyaga kwa zamu, alfajiri na jioni. Katika mwezi mtukufu tulisubiri tufuturu kwanza, lakini hatukuruka hata siku moja. Nasoro anakwenda kazini kwa miguu. Mama Chomba, akiniona juu ya pedali, hanipi nafasi kwa utani.

"Adija, leo ulifika wapi?"

"Kipushi, mama."

"Basi rudia mbio. Bwana yako iko na njaa."

Juzi Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya hesabu. Mzee Sumaili alikuja, hakutaka hata maji ya kunywa, akaenda moja kwa moja bwawani. Alihesabu kwa fimbo mara mbili, akanigeukia.

"Mutoto wangu, babili beko wapi?"

Nasoro akaanza habari ya ndege mmoja mkubwa mwenye mdomo mrefu. Alikuwa anaipamba vizuri, lakini sikuweza kumwacha adanganye baba yake kwa ajili yangu. Nikasema hapana, ni mimi, niliwaua kwa bukari, nilidhani wana njaa. Kisha nikafunika uso nikingoja kuambiwa nifunge nguo zangu.

Mzee akashusha fimbo. Akatazama nyuma, mbele, juu ya ua kwa Mama Chomba, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Bibi yangu, mama yenu, aliua bote kumi na mbili. Na bukari vilevile. Nilitoka alfajiri, yeye iko analala, kumutafutia bengine mutoni, nikabarudisha mbele baba yangu hajafika. Mpaka leo hajui."

Nasoro alicheka akaketi kwenye matope. Mzee akakunja kanzu kiunoni, akapanda kinga "kupima tu kama iko nguvu", na tukaenda kumwita mara tatu chakula kikipoa. Kuhusu Lukafu alisema mama mkwe hana la kunifundisha ambalo sijalikosea tayari.

Kwa hiyo siendi, Shangazi. Msimu wa mvua utanikuta hapa hapa.

Nisalimie Baba, Bibi, Bahati na watoto wake, na yule binamu Abibu, umwambie deni lake la barua linazidi. Nasoro anakusalimu kwa heshima na aibu. Anakuomba radhi ya beseni, na anaomba usilete jingine, kwa sababu siku hizi anakitazama kila chombo kipana kwa jicho ambalo silipendi. Mungu akulinde goti na moyo.

Amehesabu pia mizunguko ya gurudumu, kila siku, ukutani kwa mkaa. Anasema kwa hesabu hiyo, katika njia ya kuja kwako Kasongo, tumeshapita Kongolo, na tukiendelea hivi, kabla ya mwisho wa mwezi tutakuwa mlangoni kwako. Teleka maji ya chai. Tutakuwa wawili, mmoja juu ya pedali, mwingine ameketi ukingoni akimtazama.

Mimi mwanao ambaye hajaacha kukupenda,
Adija