Sisimizi Hawakutumwa na Mtu

Baba,

Leo siji kwa upole. Uliondoka hapa Masoko ukaacha moto, na moto huo bado unatuunguza. Wewe umelala chini ya migomba, umetulia, watu wakipita wanasema apumzike kwa amani. Amani ipi? Juzi mwanao Lusajo alishinda nyuma ya jiko ananoa panga. Nilimuuliza anakwenda kufyeka nini. Akanijibu bila hata kuinua macho kwamba anakwenda Masukulu kummaliza baba mdogo Ambakisye. Ndugu yako wa tumbo moja! Anasema ulimtaja wewe mwenyewe kwa kinywa chako, ukiwa unakata roho, na neno la marehemu halipingwi.

Basi nimekuja kukupinga, Baba. Mimi Tumpe, kifungua mimba wako, yule uliyekuwa ukisema mdomo wake unasikika mpaka Tukuyu mjini. Huko uliko nawe leo utausikia.

Unakumbuka miaka ya foleni, sukari tulipokuwa tunaijua kwa jina tu? Tulishushia kiazi kitamu kwa chai isiyo na sukari, nawe umekunja uso kama umepewa mwarobaini. Halafu ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaingia vijijini, wakakufanya wakala wao, ukawa mtu wa mizani na magunia, huinami tena shambani. Ukawa unasema "Tumefunguliwa!" huku unamimina sukari kikombeni mpaka inabaki tope chini, na tope lenyewe unalikomba kwa kijiko. Soda asubuhi, soda mchana, mkate mweupe, nyama ya mafuta, jioni pombe ya kimpumu na wenzako. Kitambi kikatoka. Na sisi wajinga tukashangilia! Sokoni watu walikuwa wanakigonga kwa kiganja, "Mzee, ruksa imekukubali," nawe unacheka, unakisukuma mbele zaidi.

Shingo yako ikaanza kuwa nyeusi kwa nyuma, kwenye mikunjo, nyeusi na nene kama kitambaa cha mahameli. Mama akasema ni uchafu wa magunia. Alikuwa anakukalisha kwenye kigoda uani, anakusugua kwa dodoki na sabuni ya mche, nawe unapiga kelele, "Mama Tumpe, unanichuna ngozi!" Naye anakwambia utulie, mwanamume mzima analia na sabuni. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Haukutoka ule weusi. Nikikumbuka kicheko kile natamani kuvunja kitu.

Halafu wakaja sisimizi. Ulikuwa na tabia yako ya kwenda haja ndogo kule mpakani, ambapo migomba yako inaishia na ya baba mdogo inaanza. Ukaona sisimizi wamejaa pale pale unapokojoa, mstari mrefu, na upande wote wa pili hakuna hata mmoja. Baadaye ukaona na povu, povu jeupe linalokaa juu ya majani kama la sabuni, halipasuki. Mara miguu ikavimba, mtu akibonyeza kidole shimo linabaki. Ungekwenda hospitali, Baba. Hukwenda. Ulikaa barazani ukasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Ukasema Ambakisye ana kijicho na kahawa yako, ametega dawa mpakani, nawe umeikanyaga.

Asubuhi ile ulipomwendea na panga, mimi nilikuwepo. Baba mdogo alikuwa anakamua ng'ombe, amechuchumaa, amekupa mgongo. Ulimkata mkono! Damu iliingia kwenye maziwa, ndoo nzima ikawa ya rangi ya waridi, na ng'ombe akaipiga teke. Hakurusha hata ngumi. Alisema tu, "Kaka, mimi nimekufanya nini?" Kisha Lusajo na vijana wenzake wakaja kumalizia. Wakachoma nyumba. Wakaifyeka migomba yake yote, hata iliyokuwa na mikungu, na wewe unajua kwetu kuangusha mgomba wenye mkungu ni sawa na kumpiga mwenye mimba. Mama mdogo, mkewe, alitoka na mtoto mgongoni, nywele zinanuka moshi. Mvua ilikuwa inanyesha, ila nyumba iliungua hivyo hivyo. Usiku wao wa kwanza walilala kanisani Masukulu.

Na sasa sikiliza jambo lililotufunga macho wote. Haikupita muda mrefu, sisimizi wakapotea. Hata mmoja hayupo. Loo, mlivyoshangilia! Lusajo alizunguka kijiji kizima akisema, mnaona? Mchawi kaondoka na wadudu wake. Hata mimi niliacha kubisha.

Lakini wewe ulikuwa unaisha. Chakula kikawa kinarudi. Mwili ukakuwasha, ukajikuna mpaka shuka likawa na damu, tukakufunga vitambaa mikononi. Pumzi yako ilinuka mkojo. Kwikwi haikukuachia. Na ulipopata nguvu ya neno moja tu, neno moja, ungemwita Mama, ungemwita Mungu, ungeniita hata mimi. Ukaita, "Ambakisye ameniua." Ukafa.

Nilikulilia, Baba. Usidhani sikukulilia. Nililia sauti ikakauka. Ila nilikuwa na hasira na wewe tangu kabla hawajafunika kaburi.

Sasa rudi kwa Lusajo. Amerithi mizani yako, amerithi soda zako, na kitambi amekirithi. Shingo imeanza kuwa nyeusi. Na juzi, akiwa na panga mkononi, akanipeleka mpakani kunionyesha kwa nini lazima amuue baba mdogo. Sisimizi! Pale pale. Na povu. "Ametufuata tena," akasema. Nilimtazama miguu, imeumuka, ndala imezama kwenye nyama. Nikamwambia, kwa miguu hiyo hufiki Masukulu, utafia njiani kabla hujamkata mtu. Twende kwanza Tukuyu hospitalini. Wakikukuta mzima, nitakubebea panga mwenyewe. Akakubali kwa jeuri, ili anikomeshe.

Jana tulikwenda. Daktari ni dada mmoja, mdogo kwangu, mkali kama pilipili. Alimpima damu, akatumbukiza kijiti kwenye mkojo, kikabadilika rangi. Kisha akamuuliza, "Sisimizi wanakuja ukikojoa?" Ebo! Lusajo alinitazama mimi, akadhani nimemwambia. Sikuwa nimesema kitu.

Akatueleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Mwilini kuna kitu kinaitwa insulini, kazi yake ni kuipigia sukari hodi ili nyama za mwili zifungue mlango, iingie, itumike. Mtu akinenepa tumbo, akakaa tu kwenye kiti, akanywa vitamu kila saa, nyama zinaanza kuwa viziwi. Hodi inapigwa, hazifungui. Mwili unatoa insulini zaidi, unapiga hodi kwa fujo, na fujo hiyo ndiyo inayoivisha shingo ikawa nyeusi. Mwisho unachoka, sukari inajaa kwenye damu, inamwagika kwenye mkojo. Sisimizi wanafuata sukari. Basi. Hakuna aliyewatuma.

Na figo? Figo ni chujio, akasema. Damu nzito ya sukari inapita pale kwa nguvu mchana na usiku, presha nayo inasukuma, na ule ukiziwi wenyewe unaziumiza figo hata kabla sukari haijapanda sana. Matundu yanatanuka. Protini ya mwili inavuja, hilo ndilo povu. Na figo zikiugua, ukiziwi unazidi, na ukiziwi ukizidi figo zinaumia tena. Vinapigana hivyo viwili humo ndani na mwenyewe hasikii lolote.

Nikamuuliza kuhusu wewe. Nikamwambia sisimizi wa baba yetu waliondoka wenyewe. Akasema figo zikifikia kufa, sukari hupungua kwenye mkojo, kwa sababu chujio limeziba, na insulini inabaki mwilini bila kutolewa. Watu wengi hudhani mgonjwa amepona, akasema. Pole sana.

Nilitoka nje nikasimama kwenye maua ya hospitali. Sisi tulipiga vigelegele, Baba! Siku figo zako zilipokuwa zinakufa tulipiga vigelegele na tukamwita mtu mchawi.

Lusajo figo zake hazijafa. Amepewa dawa za presha na za sukari, ameambiwa aache soda, apunguze kula, atembee, arudi kupimwa. Njiani alizibeba dawa zake mwenyewe. Nikadhani yameisha. Tulipofika nyumbani akaliokota panga akasema, "Daktari hakuwepo Baba alipomtaja. Baba mwenyewe akilirudisha neno lake, mimi panga naliweka chini."

Leo asubuhi nikaenda Masukulu. Baba mdogo amezeeka. Ule mkono vidole havikunjiki, kikombe anakishika kwa kiganja na kifua. Nilianza kumwambia habari za migomba, za nyumba, namna tutakavyomlipa. Akanikatiza. "Tumpe mwanangu, sidai migomba. Nadai maji tu."

Nikaelewa, na wewe unaelewa. Mkubwa akishika hasira na ndugu yake, hawezi kusema tu yamekwisha. Anachukua maji mdomoni, anayatema chini mbele ya watu, na hasira inatoka nayo. Hukutema, Baba. Uliondoka na hasira yako mdomoni na ukawaachia wanao.

Wazee wanasema mwanamke hatemi maji ya mwanamume, tena ya marehemu. Waseme. Mama amesema kama kuna mtu atakayethubutu ni mimi, na akanipa kata yake mwenyewe ya kuchotea maji.

Kesho asubuhi, ibada ikiisha, nitasimama kichwani pa kaburi lako. Baba mdogo atakuwepo, amekubali kuja. Lusajo atakuwepo, na ameniapia panga atakuja nalo. Nimemwambia aje nalo. Nitasimama kati yao wawili, nitajaza maji mdomoni, nitayatema juu yako, kisha nitasema kwa niaba yako, kwa sauti hii uliyonipa wewe: Ambakisye hakuniua. Nakuahidi kwamba sitatetemeka. Ikibidi anikate mimi kwanza, atanikata nimekwisha kusema.

Kwaheri, Baba. Ndaga fijo, asante sana, kwa mdomo ulionipa. Ukilisikia neno lako linarudi kesho, usilizuie.

Mwanao,
Tumpe