Nyama Niliyoiita Mbogo

Mama Élise mpendwa,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana nilizoea kuwacheka watu wanaokuandikia gazetini kuomba ushauri, na leo nimekaa hapa Likasi na kalamu mkononi.

Mke wangu Delphine tangu shuleni alitamani kumwona punda milia kwa macho yake, kwa sababu mnyama huyo alikuwa kwenye kitabu chao cha kusoma, na mwezi wa nane, mimi nikiwa sina tena kazi ya kuniweka mjini, binamu yangu Nicolas, mlinzi wa mbuga ya wanyama, akatupatia nafasi juu ya lori lililopeleka chumvi na sabuni huko, tukapanda, Delphine akiwa na mimba ya miezi sita, na baada ya siku mbili za vumbi tukafika, na asubuhi Nicolas akatutembeza kwa miguu kwenye majani makavu mpaka tukawaona, saba, wamesimama mbali kidogo wakituangalia, na Delphine alishika tumbo lake akacheka peke yake, nami nikafurahi sana maana tangu mambo yaharibike sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

Jioni walinzi wakatukaribisha chakula. Walikuwa hawajalipwa muda mrefu, walikula walichopata, na nyuma ya jiko niliona ngozi yenye mistari imewambwa nikajua, lakini njaa ilikuwa kali, na Delphine aliponiuliza, “Hii nyama ni ya nini?” nikajibu, “Ya mbogo, kula tu.” Akala vizuri. Kwetu mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kula punda milia, ni mwiko, eti mtoto atatoka na mistari, ila mimi ni mtu wa kanisa la maombi, nikajiambia mambo hayo tuliyaacha tulipookoka.

Mtoto wetu Providence alizaliwa wiki tatu zilizopita, mzima, ila ana mistari mitatu myeusi kwenye paja. Muuguzi alisema ni alama tu ya kuzaliwa. Mama yangu, mama Philomène, aliyetoka Kakanda kuja kumwogesha mjukuu, hakubali, kila siku anamuuliza Delphine, “Weye ulikula nini kule mu parc?” naye anajibu, “Mbogo, mama,” na mama ananigeukia, “Uyu mwanamuke iko anaficha kintu. Kama anaficha chakula, anaficha na bingine.” Ameita wakubwa wa ukoo waje Jumamosi ili Delphine aulizwe alikula nini, na pia kama alitembea na mwanaume mwingine, na asipokiri watamrudisha kwao. Juzi akinyonyesha aliniambia, “Minye njo nilibaangalia sana, Floribert. Nilifurahi kupita. Ni macho yangu.” Anadhani mistari imetoka kwa yeye kuwatazama mno wale punda milia, nami nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Mama ana presha, nikisema ukweli naweza kumuua. Nipe maneno ya kumtuliza bila jina langu kuingia.

Floribert

* * *

Floribert,

Maneno hayo sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Tuanze na paja. Nyama haimchori mtoto, macho pia hayamchori. Mtoto wangu wa tatu ana doa shavuni, na mimba yake niliibeba kwa majani ya sombe na dagaa. Umepata mtoto mzima mwaka mgumu kama huu na katika barua nzima hukumshukuru Mungu hata mstari mmoja.

Njaa naielewa, simhukumu mtu kwa alichokula. Lakini unasema mwiko uliuacha ulipookoka. Basi mbona ulisema mbogo? Asiyeogopa mwiko angetaja jina la nyama, mke wake akachagua mwenyewe. Wewe uliogopa, ukamlisha hivyo hivyo, na sasa unamwacha aulizwe juu ya wanaume kwa ajili ya sahani uliyomsogezea wewe. Ni uoga, ndugu yangu, na ninakuonea huruma, lakini ni uoga.

Presha ya mama yako usiniletee. Aliyepanda gari kutoka Kakanda na kuita ukoo mzima ana nguvu za kusikia sentensi moja.

Leo hii, usingoje Ijumaa, kaa na Delphine mkiwa wawili. Usianze na njaa, wala usimtaje Nicolas. Sema, “Haikuwa mbogo, na nilijua.” Halafu nyamaza, akasirike anavyotaka. Akitaka kwenda kwao siku mbili, mbebee mzigo na umsindikize. Kesho yake mwambie mama yako. Jumamosi uongee wewe wa kwanza, kabla Delphine hajaulizwa lolote, na umwombe yule muuguzi awepo awaeleze kuhusu alama. Wakubwa wakikutoza kuku, toa kuku.

Kuna jambo moja hukuniomba hata kidogo. Mke wako alitamani kitu kimoja tangu utotoni, akakipata asubuhi moja, na kwa wiki tatu umekaa kimya ukimwangalia akikionea aibu. Kabla ya kumwomba msamaha, mwambie macho yake hayana kosa.

Mama Élise