Neno la Daktari na Jicho la Hilda

Jumanne, 10 Juni 2025

Mwanangu Hilda amenitemea uji sasa hivi, halafu kacheka! Meno sita yote nje. Jicho la kushoto linang'aa kama la paka. Ndivyo tulivyomwita nyumbani, kijijini Haneti — Paka. Mama mkwe alisema mtoto wa hivi ataona mbali, tumwache. Tukamwacha miezi mitano. Ee Mungu.

Leo hapa hospitali daktari kasema ni saratani. Jicho litolewe Alhamisi, isije ikapanda kichwani. Akawageukia wanafunzi wake, Kiingereza kitupu. Neno moja alilirudia huku akinitazama. Nikamwomba binti mmoja kati yao aniandikie: daunting.

Jumatano, 11 Juni

Nimemuuliza nesi Swaumu maana ya lile neno. Mrangi wa Kondoa, mpole ila ana mdomo. Kasema ni jambo kubwa linalokulegeza magoti kabla hujalianza. Nikasema, yaani la kutisha? Akacheka. Simba akikukimbiza anatisha, mdogo wangu, wewe timua mbio! Neno hili ni la kazi iliyo mbele yako, na wa kuifanya ni wewe. Mtihani mkubwa. Mlima unaotakiwa kuupanda. Na kisichowezekana je, nikauliza? Hicho hakiitwi hivyo, akasema, hicho watu wanakiacha.

Nikaenda kulia chooni. Kumbe inawezekana!

Nikampigia Lameck, baba yake Hilda. Yuko mnadani Chemba na ng'ombe. Nisitie sahihi fomu ya upasuaji, anasema, baba mkubwa aje kwanza, ukoo ukae. Mtoto hatolewi kiungo kwa neno la mama peke yake. Watakaa lini? Jumapili, wakishaanua tanga la msiba ulioko huko.

Halafu mama mkwe kanipigia mwenyewe. Nikamwamkia, hata marahaba hakuitika. "We binti, ukilitoa usimrudishe hapa. Chongo nani atamuoa?"

Ana mwaka mmoja!

Alhamisi, 12 Juni

Hilda hajala tangu alfajiri, ndivyo walivyoagiza. Analilia ziwa. Nampa kidole anyonye, anakitema, ananitazama kama mimi mwizi.

Fomu iko mapajani. Swaumu kasema sahihi yangu inatosha, ila iwe kabla ya saa tatu. Zamu ikipita ni wiki mbili tena.

Lameck anapiga. Sipokei. Anapiga tena.

Nimeandika Angelina. Bado jina la baba yangu. Naandika hapa kwanza, nijipe moyo. Silvano, herufi saba tu — nimeshaweka tatu, na Swaumu yuko mlangoni, Mama Hilda, haya mlete, njoo na fomu yako, nami namwambia subiri dada, zimebaki herufi nne tu.