Mursik ya Kwanza Nilimpa Nyaboke

Mjukuu wangu Chepkoech,

Chamgei. Huku Boito tuko wazima. Babu yako bado anagombana na goti lake, na yule ng'ombe mweupe amezaa.

Umeniuliza kama ni kweli nilimwaibisha mheshimiwa siku nilipoagwa shuleni, miaka ile ya tisini. Ni kweli, na ningerudia.

Upepo uling'oa paa la shule, mheshimiwa akaahidi mabati. Tukangoja mihula miwili. Ndipo akina mama wakaamua kwamba kila Jumamosi, kikapu cha kwanza cha majani chai ni cha shule. Nyaboke, aliyetoka Kisii kufanya kibarua na hakuwa na hata mche mmoja wa chai, alichuma kikapu cha kila mama aliyekuwa mgonjwa. Majani yakauzwa, shule ikaezekwa mabati.

Siku ya kuniaga nilipewa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nimmiminie mgeni wa heshima kwanza. Afisa mmoja akaninong'oneza, "Mwalimu, mheshimiwa anangoja."

Nikampita mheshimiwa na mkono wake ulionyooshwa, nikaenda mpaka nyuma kabisa, nikammiminia Nyaboke.

"Mwalimu, ni mimi kweli?" akauliza, akificha vidole vilivyokuwa vyeusi kwa majani.

"Ni wewe. Asante kwa paa."

Yule afisa aliniambia nitajuta. Nimeyangoja hayo majuto mpaka nimezeeka. Jana mvua ilinyesha vibaya, nikapita shuleni makusudi. Watoto walikuwa wanasoma, wakavu.

Ni mimi, Kogo wako