Babu Ana Miaka Mingapi Mbele?

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefua. Nimeteka maji. Kuku wamekula. Babu yuko nyumbani mchana kutwa, jambo geni. Wiki jana alistaafu kule kwenye kiwanda cha chumvi, Gongoni, na sasa hajui akae wapi. Kila mara yuko jikoni. "Mke wangu, wapika nini?" Ananiita hivyo tangu nizaliwe. Nafurahi akiwepo. Sana.

Jumanne, 5 Agosti

Kampuni yataka Babu achague kabla ya Ijumaa kwisha. Nilisoma Kiingereza chao, nikamweleza kwa Kiswahili. Achukue pesa zake zote sasa, au alipwe kidogo kila mwezi mpaka afe. Akifa mapema, zilizobaki zimepotea. Akichagua, habadilishi.

Hakufikiri hata. Zote! Anasema wanaume wa kwao hawazeeki. Baba yake, kaka zake, wote walikwenda mapema. "Mie hapa nimezidisha tu."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 6 Agosti

Ami Karisa keshachagua pikipiki atakayonunuliwa. Nyekundu. Babu ataka bati jipya na karamu ya ng'ombe. Nyumba nzima furaha.

Na pesa zikiisha, naye bado yuko? Atakula nini?

Nilitaka kusema tukila. Nikafungua mdomo, nikaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu. Najichukia.

Alhamisi, 7 Agosti



Dada zake Babu walikuja kumpongeza, kwa miguu kutoka Kakuyuni. Wote wamemzidi umri. Bibi Mbeyu, mkubwa wao, alikataa kiti. Acheze kwanza. Kuku wa zawadi yuko kwapani.

Babu akaanza tena kuwahesabu marehemu wake. Nikasikia sauti. Yangu!

"Babu, mbona wahesabu wanaume tu? Hawa si damu yako?"

Nilitamani kuingia chini ya mkeka.

Bibi Mbeyu akapiga kigelegele, akamgeukia Babu. "We Charo! Kumbe sisi ni kuni? Nilikubeba mgongoni ukinikojolea, leo tena nikuzike? Sina nafasi! Na mama yetu, aliyetufukuza kwa bakora na meno hana, yeye hakukuzaa?"

Wenzake wakadakia. "Wafa lini, baba? Tuambie tushone nguo!"

Babu alicheka mpaka akatoa machozi. Halafu akawatazama dada zake, mmoja mmoja. "Mke wangu, umeniuza," akaniambia.

Nilisema mimi. Mbele ya watu!

Ijumaa, 8 Agosti

Tumekwenda Gongoni, mimi na yeye. Karani akauliza, kila mwezi, mzee ana uhakika?

"Uhakika sina," Babu akasema. "Nina dada."

Ami Karisa kanuna. Lakini wali kala sahani mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Mvua ndogo. Babu kaniuliza nitamaliza chuo lini. Hajawahi kuniuliza jambo la mbele hivyo. Nikamwambia Babu, niko kidato cha tatu tu, bado sana.

Akasema hapana haraka. Akajinyoosha mkekani, akalala.

Nimekaa karibu. Anakoroma.